Gottlieb Haberlandt: mtaalamu aliyeamini seli moja inaweza kuwa mmea mzima



Hivi karibuni tulizungumzia hewani rangi zinazotiwa kwenye soda, pipi, juisi na siagi. Tukagusa kidogo habari kwamba siku hizi wataalamu wanaweza kupata rangi ya asili kutoka kwenye seli za mmea zinazokuzwa ndani ya tangi, bila shamba wala mvua. Kipindi hakijaisha, swali likatufikia kutoka Gorong'a: kama rangi ya mmea itatoka kwenye tangi, mkulima atabaki na nini?

Ni swali zito, na dakika tulizokuwa nazo hazikutosha. Tumeona tulijibu hapa, polepole, kwa kusimulia maisha ya mtu aliyeanzisha wazo lenyewe. Jina lake ni Gottlieb Haberlandt, tamka Gotlib Haberlant. Wanasayansi wa mimea dunia nzima wanamjua, lakini wakulima wengi wanaopanda migomba ya tishu hawajawahi kumsikia. Amekufa zaidi ya miaka 75 iliyopita. Jambo la kushangaza ni kwamba jaribio lililompa sifa hiyo lilishindikana mikononi mwake.

Mtoto wa mtu wa kilimo

Haberlandt alizaliwa tarehe 28 Novemba 1854 katika mji wa Magyaróvár, ambao upo Hungaria. Wakati huo nchi hiyo ilikuwa chini ya dola ya Austria. Baba yake, Friedrich Haberlandt, alikuwa mwalimu wa kilimo, na baadaye akawa profesa katika chuo cha kilimo mjini Vienna.

Mzee huyo naye ana historia yake. Mwaka 1873 Vienna ilikuwa na maonesho makubwa ya dunia, na humo Friedrich akaona mbegu za soya kutoka Asia. Alizichukua, akazijaribu, kisha akazigawa kwa wakulima wa sehemu mbalimbali ili kila mmoja aone zinavyokubali kwenye udongo wake. Mwaka 1878 alitoa kitabu juu ya soya, na mwaka huohuo akafariki.

Kwa hiyo Gottlieb alikulia katika nyumba ambayo mbegu ngeni haikutupwa wala kusifiwa kabla ya kupandwa na kuangaliwa. Alisoma elimu ya mimea Chuo Kikuu cha Vienna na kupata shahada ya udaktari mwaka 1876. Kisha akaenda Tübingen, Ujerumani, kujifunza kwa Simon Schwendener, bingwa wa kuchunguza mimea kwa hadubini. Mwaka 1880 alihamia mji wa Graz, Austria, akafundisha na kufanya utafiti huko kwa miaka 30.

Jani la mahindi lilivyomfunulia siri

Wataalamu wengi wa zama zake walichora sehemu za mmea na kuzipa majina, basi. Haberlandt aliuliza swali la ziada: sehemu hii inafanya kazi gani? Kwake mmea ulikuwa kama nyumba yenye watu wengi, kila mmoja na kazi yake. Mwaka 1884 alitoa kitabu kikubwa kilichoeleza umbo la mmea kwa kufuata kazi ya kila sehemu, na kitabu hicho kilitumika kwa miaka mingi.

Chukua jani la mhindi, mtama, muwa au ulezi. Ukilikata jembamba sana na kulitazama kwa hadubini, utaona mishipa yake imezungukwa na seli zilizojipanga kama shada. Haberlandt alilieleza umbo hilo vizuri, na akahisi kwamba seli za shada na seli zilizo nje yake zinagawana kazi ya kutengeneza chakula. Miaka ya 1960 ndipo watafiti walipothibitisha mgawanyo huo walipochunguza miwa. Leo tunajua ni sababu mojawapo ya mahindi na mtama kustawi vizuri kwenye jua kali.

Alichunguza pia kifauongo, ule mmea unaokunja majani ukiguswa, ili ajue taarifa ya kuguswa inasafirije. Tena mwaka 1900 alieleza namna mmea unavyojua upande wa chini: ndani ya seli zake fulani kuna punje za wanga zinazoanguka kufuata uzito wake. Mbegu ukiipanda kichwa chini, punje hizo zinaangukia upande mwingine, na mzizi unageuka.

Mwaka 1891 alisafiri hadi kisiwa cha Java, kwenye bustani kubwa ya mimea ya Buitenzorg, mji unaoitwa sasa Bogor, Indonesia. Alirudi mwaka uliofuata, na mwaka 1893 akatoa kitabu juu ya safari hiyo na mimea ya nchi za joto.

Jaribio la mwaka 1902

Sasa tunafika kwenye jambo lenyewe. Kama mmea ni nyumba yenye watu wengi, je, mmoja akitolewa nje peke yake ataweza kuishi? Na akipewa chakula chote anachohitaji, ataweza kujenga nyumba nyingine nzima?

Haberlandt aliamini kwamba inawezekana. Alichukua majani na sehemu nyingine za mimea, akatenganisha seli moja moja, akaziweka ndani ya vyombo vya kioo vilivyosafishwa. Akazipa maji yenye chumvi za mimea pamoja na sukari, kisha akaziweka mahali penye mwanga.

Miongoni mwa mimea aliyoitumia ulikuwemo mmoja tunaoujua vizuri sisi watu wa Ziwa Victoria: magugu maji. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na ziwani kwetu yalianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980, yakawa kero kwa wavuvi na mitumbwi. Haberlandt aliyatumia miaka mingi kabla ya hapo. Alichukua seli za kikonyo cha jani lake, akazitia kwenye kioo.

Matokeo? Seli ziliishi. Nyingine ziliishi karibu mwezi mzima. Zilitengeneza wanga, zikanenepa, zikaongezeka ukubwa mara kadhaa. Lakini hazikugawanyika. Hakuna hata moja iliyozaa seli ya pili, na bila kugawanyika hakuna mmea. Mwishowe zote zikafa.

Mtu mwingine angeficha daftari lake. Haberlandt aliandika kila kitu na kukitoa mwaka 1902 kupitia chuo cha wanasayansi cha Vienna. Alisema wazi kwamba seli hazikugawanyika. Kisha akaandika ni kitu gani alidhani kinakosekana: lazima kuna dutu fulani ndani ya mmea inayoiamuru seli igawanyike. Akashauri wengine wajaribu kuongeza majimaji ya ncha zinazokua, au majimaji yanayolizunguka tumba changa la mmea ndani ya mbegu. Na akashikilia kwamba siku moja mmea mzima utapatikana kutokana na seli moja. Alikuwa na miaka 47.

Kiazi kilichokatwa

Mwaka 1910 alihamia Berlin kuchukua nafasi ya mwalimu wake wa zamani, Schwendener. Huko hakurudia jaribio lile kwa namna ileile. Aliitafuta ile amri ya kugawanyika kwa njia nyingine.

Wewe mwenyewe umeona kwamba kiazi kikikatwa na jembe wakati wa kuvuna, baada ya siku chache kidonda chake hufunga na kuota ngozi mpya. Ngozi hiyo ni seli zilizogawanyika. Mwaka 1913 Haberlandt alieleza majaribio ya vipande vidogo vya kiazi mviringo. Kipande chenye mishipa ya kusafirisha chakula kiligawanya seli zake. Kipande kisicho na mishipa hakikufanya hivyo. Lakini kipande hicho kisicho na mishipa kikibandikwa kwenye chenye mishipa, seli zake nazo zilianza kugawanyika.

Baadaye aliona jambo jingine. Ukiosha kidonda cha mmea mara tu baada ya kukata, seli chache tu zinagawanyika. Ukipaka majimaji ya seli zilizopondwa, zinagawanyika zaidi. Mwaka 1921 alieleza kwamba kidonda hutoa homoni. Wakati huo watu wengi walidhani homoni ni mambo ya wanyama na binadamu tu.

Mwaka 1922 mwanafunzi wake, Walter Kotte, alifanikiwa kukuza ncha za mizizi ya njegere na mahindi ndani ya chombo kwa muda. Mtafiti mwingine huko Marekani alifanikiwa mwaka huohuo. Mwaka uliofuata Haberlandt alistaafu.

Baba na mwana

Alikuwa na mtoto wa kiume, Ludwig, mtafiti wa miili ya wanyama katika mji wa Innsbruck, Austria. Ludwig naye alishughulikia homoni. Alionesha kwa sungura kwamba homoni zinaweza kuzuia mimba kwa muda, akashauri njia hiyo itumike kwa wanawake wanaohitaji kupumzika kuzaa. Jamii ya wakati ule ilimpinga vikali. Mwaka 1932 Ludwig alijitoa uhai akiwa na miaka 47, umri uleule aliokuwa nao baba yake alipoandika habari za seli zake. Vidonge vya uzazi wa mpango viliruhusiwa Marekani mwaka 1960, na leo Ludwig anatajwa kuwa mmoja wa walioviasisi.

Mzee Haberlandt alikuwa na miaka 77 alipompoteza mwanawe. Mwaka uliofuata alitoa kitabu cha kumbukumbu za maisha yake. Mwaka 1939, akiwa na miaka 84, watafiti watatu, wawili Ufaransa na mmoja Marekani, kila mmoja kwa njia yake, walifanikiwa kukuza vipande vya mmea vikaendelea kuongezeka bila kikomo ndani ya chombo. Wale wa Ufaransa walitumia karoti. Mwaka huo vita kuu ya pili ilianza. Haberlandt alifariki Berlin tarehe 30 Januari 1945, mji ukiwa katika miezi ya mwisho ya vita hiyo. Alikuwa na miaka 90.

Maji ya nazi na seli moja

Ushauri wake juu ya majimaji ya ndani ya mbegu haukupotea. Mwaka 1941 watafiti huko Marekani walijaribu kitu ambacho mtu wa pwani yetu anakinywa kila siku: maji ya nazi. Maji hayo ndiyo chakula cha tumba changa la mnazi, yaani jamii ileile ya majimaji aliyoyataja Haberlandt. Vitumba vichanga vya mimea viliyapenda, vikakua. Mwaka 1958 mtafiti mwingine, Steward, alitumia maji ya nazi kukuza seli za karoti, na kutoka kwenye seli hizo akapata miche mizima. Kabla ya hapo, mwaka 1955, ilipatikana homoni inayoziamuru seli kugawanyika, na ikapewa jina la kinetini.

Mwaka 1965 ikatokea ile yenyewe. Seli moja ya tumbaku, ikiwa imetengwa peke yake, ilikuzwa hadi ikawa mmea mzima unaochanua. Ilikuwa imepita miaka 63 tangu Haberlandt aandike kwamba jambo hilo linawezekana.

Migomba ya tishu inatokea hapo. Mtaalamu hukata sehemu ndogo ya ncha ya chipukizi la mgomba safi, akaiua vijidudu vya nje, akaiweka ndani ya chupa yenye chakula kinachofanana na jeli: chumvi za mimea, sukari na homoni. Inaota machipukizi, anayagawa, anayahamishia chupa nyingine, na mwisho anayapeleka kitaluni yazoee jua. Nchini mwetu maabara za utafiti wa kilimo hufanya kazi hii, na si kwa migomba tu. Huko Mlingano, Tanga, mkonge nao huzalishwa kwa njia hii.

Hapa tutoe tahadhari moja kwa wakulima wa Tarime na Serengeti. Mche wa tishu unatoka chupani ukiwa safi, lakini hauna kinga ya mnyauko wa migomba, ule ugonjwa ulioonekana Kagera mwaka 2006. Ukiupanda penye ugonjwa, au ukaukatia kwa panga lililotoka kwenye mgomba mgonjwa, utaambukizwa kama mgomba mwingine wowote. Kata maua dume mapema kwa mti wenye panda, na safisha panga kwa moto au dawa.

Sasa turudi kwenye rangi

Rangi nyingi za bei nafuu tunazokula hutengenezwa viwandani kutokana na mafuta ya petroli. Baadhi yake zimeleta mashaka. Tangu mwaka 2010 Umoja wa Ulaya unataka vyakula vyenye rangi sita za aina hiyo viandikwe onyo kwamba zinaweza kuathiri utulivu na usikivu wa watoto. Januari 2025 Marekani ilifuta kibali cha rangi moja nyekundu katika vyakula. Ndiyo maana viwanda vinatafuta rangi za mimea.

Seli iliyokuzwa nje ya mmea inaweza kuendelea kutengeneza rangi ileile ambayo mmea wake hutengeneza. Watafiti wamepata rangi ya zambarau kwenye seli za karoti na zabibu, na nyekundu kwenye seli za bitiruti. Mfano mkubwa wa biashara ulitoka Japani. Kuna mmea mmoja wa huko ambao mizizi yake hutoa rangi nyekundu inayotumika kwenye dawa na vipodozi. Kwa shamba, mizizi hiyo huchukua miaka kadhaa kukomaa, na porini mmea ulikuwa unakwisha. Mwaka 1983 kampuni ya Mitsui ilianza kuuza rangi hiyo ikiwa imetoka kwenye seli zilizokuzwa ndani ya matangi. Kazi ya miaka ikawa ya wiki chache.

Je, hilo litatokea kwa kila rangi? Tuangalie hesabu, maana hapo ndipo jibu lilipo. Tangi linahitaji sukari, umeme, maji safi, mashine na wataalamu, na kijidudu kimoja kikiingia, mzigo wote unamwagwa. Rangi ya Japani ililipa kwa sababu ilikuwa ghali mno na mmea wake ulikuwa adimu. Bitiruti hukomaa kwa miezi michache, na jua lake ni la bure. Ndiyo maana hadi leo rangi ya bitiruti, ya manjano na ya mzingefuri tunayoikuta kwenye chakula hutoka shambani. Mzingefuri ni ule mti wenye mbegu nyekundu unaotia rangi jibini na siagi. Kwale, pwani ya Kenya, wakulima wamelima mti huo kwa miaka mingi na kuuza mbegu zake kiwandani.

Kwa hiyo jibu letu kwa aliyeuliza ni hili. Anayetishiwa kwanza na tangi ni mkulima wa zao adimu, linalokaa miaka mingi kabla ya kuvunwa, na linalouzwa kwa bei kubwa kwa gramu chache. Anayelima zao linalokua haraka, kwa wingi, lenye soko la karibu, bado yuko salama. Lakini matangi yanaboreshwa kila mwaka, kwa hiyo usalama huo si wa milele. Mtu akikujia na mbegu ya zao la rangi akikuahidi utajiri, muulize mambo matatu kabla ya kung'oa migomba au mahindi yako: mnunuzi ni nani na yuko wapi, bei itaandikwa wapi, na zao linakaa muda gani kabla ya kuvunwa. Kama hana majibu, panda mistari miwili pembeni uone, kama Friedrich Haberlandt alivyofanya na soya yake.

Na tusisahau upande wa pili. Elimu iliyozaa tangi la rangi ndiyo iliyozaa mche safi wa mgomba. Ilianza kwa mtu aliyetazama seli zake zikifa kwenye kioo, akaandika ukweli, akaonesha wenzake pa kuendelea kutafuta. Angeandika kwamba amefaulu, huenda wangelipoteza miaka mingi wakifuata njia isiyofika. Mkulima anayepoteza msimu anaweza kufanya vivyo hivyo: aandike alipanda lini, mbegu gani, mvua ilikatika lini. Jirani yake au mwanawe ataanzia hapo.

Kama una swali lingine kuhusu miche ya tishu au mazao ya rangi, tutumie ujumbe kama ulivyozoea, nasi tutalichukua kwenye kipindi. Msomee na jirani asiye na simu. Tukutane hewani.